Mtakatifu Yosefina Bakhita: Alimtafuta Mwenye Nyota



Jina la Mtakatifu Bakhita si geni kwetu. Wapo mabinti wanaobatizwa kwa jina hilo, na zipo jumuiya na kwaya zinazomchukua kuwa msimamizi. Wengi tunamfahamu kama mtumwa aliyekuja kuwa mtakatifu. Leo napenda tumwangalie kama mtu aliyetaka kumjua Mungu kabla hajasikia hata jina lake, na tuone Mungu alimjibuje.

Swali hili linatugusa. Siku hizi wengi wetu, hata sisi Wakatoliki, tunatamani Mungu aseme nasi moja kwa moja: kwa ndoto, kwa sauti, au kwa kinywa cha mtu anayejiita nabii. Mmoja anataka kujua atamwoa nani, mwingine kwa nini biashara haiendi, mwingine nani amemroga mtoto. Hata aliye seminarini huweza kukaa miaka akisubiri ishara kwamba kweli ameitwa. Maisha ya Bakhita yana la kutuambia.

Alizaliwa mnamo mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, magharibi mwa Sudan. Alikuwa na wazazi, kaka na dada, na nyumba yenye upendo. Dada yake mkubwa aliibwa kwanza na wafanyabiashara wa watumwa. Miaka michache baadaye, mnamo 1877, yeye mwenyewe alikamatwa shambani, akiwa mtoto wa miaka kama minane. Hofu aliyoipata ilikuwa kubwa hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati.

Aliuzwa na kuuzwa tena katika masoko ya El Obeid na Khartoum. Alipojaribu kutoroka na msichana mwenzake, walianguka mikononi mwa mtu mwingine aliyewarudisha utumwani. Katika nyumba ya jenerali mmoja wa Kituruki alichapwa karibu kila siku. Huko ndiko alikochorwa mwilini kwa unga, akachanjwa kwa wembe kufuata michoro ile, na vidonda vikajazwa chumvi ili makovu yabaki. Makovu hayo, zaidi ya mia moja, alikwenda nayo kaburini.

Bakhita alikuja kusimulia baadaye kwamba tangu utotoni, alipotazama jua, mwezi na nyota, alijiuliza ni nani aliye bwana wa vitu hivi vizuri. Alitamani sana kumwona, kumjua na kumheshimu. Hakuwa na katekista, hakuwa na Biblia, wala hakuna aliyemfundisha kusali.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba akili ya binadamu inaweza kumfikia Muumba kwa kutazama viumbe. Mtume Paulo anasema hivyo katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi. Mtakatifu Thomas wa Akwino alilifafanua, na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ukalifundisha rasmi mwaka 1870. Wakati huohuo mtoto wa Darfur, asiyejua kusoma, alikuwa anaanza kukua chini ya nyota zile. Aliuliza swali ambalo wanafalsafa huliandikia vitabu.

Ila swali lake lilikuwa na uzito wa pekee. Kiswahili chetu kinatusaidia kuliona: neno bwana tunalitumia kwa mwenye kumiliki mtumwa, na tunalitumia pia kwa Mungu. Bakhita alikuwa amewajua mabwana wengi, na wote walikuwa wakatili. Kuuliza juu ya Bwana wa nyota ni kuuliza kama yuko bwana wa namna nyingine.

Mwaka 1883 alinunuliwa huko Khartoum na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia. Katika nyumba hiyo, kwa mara ya kwanza, hakupigwa. Vita vya Mahdi vilipokaribia, balozi aliondoka kurudi kwao, na Bakhita akaomba kufuatana naye. Walifika Italia mwaka 1885, naye akaachwa kwa familia ya Michieli, ambako baadaye alimlea binti yao mdogo, Mimmina.

Hapo jibu lilianza kuja, polepole na kwa mikono ya watu. Illuminato Checchini, msimamizi wa mali ya familia hiyo, alimpa msalaba mdogo wa fedha, akamweleza kwamba huyo aliyetundikwa ni Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, aliyekufa kwa ajili yetu. Bakhita hakuelewa yote. Aliuficha, akawa anautazama akiwa peke yake. Bwana aliyemtafuta alikuwa naye amepigwa viboko.

Mwaka 1888 Bibi Turina Michieli alisafiri kwenda Suakin, Sudan, ambako mumewe alikuwa na hoteli, akamwacha Bakhita na Mimmina kwa Masista Wakanosa wa Venice. Masista wakamfundisha katekisimu. Ndipo alipotambua kwamba Mungu wanayemfundisha ndiye aliyemhisi moyoni tangu utoto bila kumfahamu.

Bibi Turina aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Alimpenda yule mtoto, na kutengana naye kulimliza. Lakini aliona kwamba akiondoka hatapata Ubatizo. Shauri likafika mbele ya viongozi wa Kanisa na wa serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yuko huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikutambua utumwa. Tarehe 9 Januari 1890 Patriarki wa Venice, Kardinali Domenico Agostini, alimpa Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza.

Tarehe 8 Desemba 1896 aliweka nadhiri zake, na tangu 1902 aliishi katika nyumba ya masista huko Schio. Alipika, akadarizi, akatunza sakristia na kufungua mlango wa wageni. Hakujulikana kwa kutabiri. Alijulikana kwa upole, na kwa kusema kwamba angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuibusu mikono yao, maana bila wao asingekuwa Mkristo wala mtawa. Katika ugonjwa wake wa mwisho utumwa ulimrudia akilini, akamwomba aliyemuuguza alegeze minyororo iliyokuwa mizito. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Kanisa halikatai ufunuo binafsi. Linatufundisha tu kwamba hauongezi kitu katika ufunuo uliokamilika katika Kristo, na kwamba kazi yake ni kutusaidia kuuishi huo. Bakhita alipata jibu lake mahali ambapo sisi sote tunaweza kufika: katika uumbaji, katika msalaba, katika mafundisho, katika sakramenti. Na jibu lilipofika lilimdai uamuzi wa gharama, kisha miaka hamsini ya kuuishi jikoni na mlangoni.

Nadhani hapo ndipo tunapokwama. Tunamwendea nabii kwa sababu tunataka kujua kesho itakuwaje. Bakhita alitaka kumjua mwenye kesho. Anayetaka habari atatafuta nyingine wiki ijayo. Aliyemjua Bwana anaweza kwenda hata bila kuonyeshwa njia yote.

Usiku mawingu yanapoondoka juu ya Mlima Meru, sisi wa Moshono tunaziona nyota zilezile. Tuzitazame, kisha twende tukamsikilize mwenye nyota: katika Neno lake, mbele ya msalaba, na katika Misa ya asubuhi.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.