Fadhili William: Mwana wa Taita aliyeipa dunia ‘Malaika’

MTU akiitwa Mdawida, mkazi wa Voi, Mwatate au Wundanyi hana haja ya kuuliza kwao ni wapi. Wadawida ni jamii ya Milima ya Taita, na jina hilo ndilo alilokuwa nalo Fadhili William Mdawida, mwanamuziki anayetambuliwa kuwa wa kwanza kuurekodi wimbo ‘Malaika’ ukavuma.

Alizaliwa Novemba 11, 1938 huko Taita, akafariki jijini Nairobi Februari 11, 2001 akiwa na umri wa miaka 62. Wimbo wake uliimbwa kote duniani kwa vinywa vya watu wengine, na swali la nani aliyeutunga likabishaniwa hadi alipoingia kaburini, na hata baada ya hapo.

Wengi huukumbuka wimbo huo kwa maneno yake: kijana anampenda msichana lakini hana mali ya kumwoa. Wapenzi wa muziki wa kale husikiliza jambo la pili pia, nalo ni mlio wa magita, hasa ile sauti ya chini ya gita la besi ambayo msikilizaji wa kawaida huihisi kifuani kabla ya kuitambua sikioni. Maisha ya marehemu hayaelezeki vyema bila mlio huo.

NJIA PANDA YA RELI

Voi ni mji wa reli. Njia ya treni iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo kuelekea bara, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakaongeza tawi kutoka Voi hadi Taveta ili kupeleka askari na silaha mpakani. Mji ukawa njia panda, Mombasa ikiwa umbali wa kilomita zipatazo 150 na Nairobi zaidi ya 300.

Vijana wa Taita walipanda treni kwenda kutafuta kazi, na waliporudi nyumbani walibeba zaidi ya nguo na sukari. Gita, gramafoni na santuri zilifika vijijini kwa njia hiyo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, askari waliorejea kutoka Burma na kwingineko walizidisha mapenzi ya ala hizo. Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyewatumbuiza wanajeshi wakati wa vita hivyo, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kupiga gita la umeme katika rekodi.

Hiyo ndiyo hali ya muziki aliyokulia Fadhili. Kwa kijana mwenye kipaji, barabara ilikuwa moja tu, nayo iliishia Nairobi, penye studio, redio na kampuni za santuri.

KIDOLE GUMBA CHATENGWA NA NYUZI

Ili kuelewa kilichobadilika siku hizo, yafaa kurudi nyuma kidogo. Gita lililotamba Afrika Mashariki miaka ya 1950 lilikuwa gita kavu, yaani lisilo na umeme. Mabingwa wake waliotoka Katanga nchini Kongo, kama vile Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, walifika Nairobi na kuwaacha vijana wakishangaa.

Katika mtindo wao mtu mmoja alifanya kazi ya watu wawili. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene na kushika mwendo wa chini, huku kidole cha shahada kikicheza juu kwenye nyuzi nyembamba. Besi ilikuwa tayari ndani ya gita moja.

Umeme ulipoingia, kazi hiyo iligawanywa. Mpigaji mmoja alichukua solo, mwingine ridhimu, na yale majukumu ya kidole gumba akakabidhiwa mtu wa tatu mwenye gita lake la nyuzi nne. Gita la besi la umeme lilikuwa ala changa. Lilianza kuuzwa kwa wingi na Leo Fender nchini Marekani mwaka 1951, likachukua mahali pa lile besi kubwa la mbao linalopigwa kwa kusimama.

Uzi wake mnene zaidi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, sauti ya chini mno ambayo redio ndogo za wakati huo hazikuweza kuitoa ipasavyo. Mafundi wa santuri nao waliiogopa besi nzito, kwa sababu huhitaji mfereji mpana kwenye sahani na huweza kuirusha sindano. Ndiyo maana rekodi nyingi za zamani zina besi ya upole, yenye mlio mfupi wa duara, iliyo mbali na ngurumo iliyozoeleka baadaye katika muziki wa roki.

JAMBO BOYS NA EQUATOR

Mnamo mwaka wa 1960 hivi, Fadhili na bendi yake ya Jambo Boys waliurekodi wimbo ‘Malaika’. Miaka michache baadaye aliurekodi upya katika studio ya Equator Sound jijini Nairobi, iliyoendeshwa na Charles Worrod.

Studio hiyo ilikuwa kama chuo. Humo walikutana Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia, pamoja na Fadhili mwenyewe, nao wakaunda kundi lililopiga kwa pamoja na kusaidiana katika rekodi za kila mmoja. Walichukua mwendo wa kwela kutoka Afrika Kusini, wakauchanganya na twisti iliyokuwa imeuteka ulimwengu, wakapata mtindo uliowafanya Wakenya wacheze katika miaka ya uhuru. Wimbo wa Kabaka ‘Helule Helule’ ulifika hata Uingereza, ambako kundi la The Tremeloes liliurekodi mwaka 1968.

Kwenye twisti besi hutembea haraka bila kupumzika, ikimsukuma mchezaji. ‘Malaika’ ni kinyume chake. Mwendo ni wa taratibu, gita linalia kwa sauti safi isiyokwaruza, nayo besi inakanyaga kwa tahadhari na kumwachia mwimbaji nafasi. Sauti ya Fadhili haipandi kwa fujo. Inamsihi mpenzi kwa unyonge wa mtu anayejua kwamba mfuko wake ni mtupu. Laiti besi ingekuwa nzito zaidi, unyonge huo ungefunikwa.

Miongoni mwa nyimbo zake nyingine, ‘Taxi Driver’ ilipendwa pia. Lakini hakuna uliosafiri kama ‘Malaika’. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, albamu iliyotuzwa Grammy. Boney M. waliutoa mwaka 1981, naye Angélique Kidjo wa Benin akauimba katika albamu yake ya mwaka 1991. Kila mmoja aliuvika mlio wa zama zake.

NANI MTUNZI?

Umaarufu huo ulizaa mgogoro. Adam Salim wa Tanzania alishikilia kwamba aliutunga wimbo huo miaka ya 1940, alipokuwa akiishi Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyenyimwa kumwoa. Lucas Tututu wa Mombasa ametajwa pia, na vilevile Grant Charo. Fadhili alisisitiza kwamba wimbo ni wake na kwamba ulizaliwa kutokana na mapenzi yake mwenyewe.

Jambo lisilobishaniwa sana ni kwamba rekodi iliyouvumisha ni yake, na kwa msingi huo jina lake ndilo lililoandikwa na kutambuliwa katika masuala ya mrabaha. Katika muziki wa siku hizo, nyimbo zilipita kutoka kinywa hadi kinywa kwenye harusi na vilabu. Aliyefika studio kwanza ndiye aliyepata karatasi yenye jina.

Hapo ndipo gita la besi linaporudi katika hadithi hii. Ikiwa hata mtunzi wa wimbo mashuhuri hivyo anabishaniwa, je, yule aliyeketi nyuma akipiga nyuzi nne? Lebo ya santuri ilikuwa na nafasi ya jina la wimbo, mwimbaji na bendi. Wapigaji wa ala mara nyingi hawakutajwa kabisa.

Hali haikuwa bora ng’ambo. James Jamerson, ambaye besi yake iko katika nyimbo nyingi mno zilizovuma za kampuni ya Motown huko Marekani, alipiga kwa miaka bila jina lake kuandikwa kwenye majalada. Alitajwa katika albamu ya Marvin Gaye mwaka 1971, na akafariki mwaka 1983 kabla ya umma kumfahamu vyema. Wapigaji wa Nairobi hawakupata hata hicho kidogo.

UGHAIBUNI NA KUREJEA

Fadhili alihamia Marekani, akaishi huko kwa zaidi ya miaka 15. Alirejea Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990 na kukuta nchi iliyobadilika. Benga, ambayo humpa mpiga besi kazi ya kurukaruka na kuongoza, ilikuwa imeshika nafasi ya twisti, na vijana walikuwa wakigeukia midundo ya kompyuta. ‘Malaika’, hata hivyo, ilikuwa bado ikipigwa hotelini kila jioni, mara nyingi na watu ambao hawakujua aliyeirekodi alikuwa akiishi mji uo huo.

Utajiri ambao mtu angeutarajia kutokana na wimbo ulioimbwa katika mabara yote haukumfuata nyumbani. Mwaka alioaga dunia ndio pia Bunge lilipopitisha Sheria mpya ya Hakimiliki, iliyokuja kuanzisha bodi ya kusimamia haki za wasanii. Kwake ilikuwa imechelewa.

Leo mwana wa Taita mwenye simu anaweza kuisikiliza rekodi ile ya zamani akiwa kwenye kituo cha treni cha Voi. Avae vifaa vya masikioni, kwa kuwa spika ya simu, kama redio ya babu yake, huimeza sauti ya chini. Akisikiliza mara ya kwanza atamsikia Fadhili. Airudie, na safari hii amwache mwimbaji, aufuate mwendo wa besi tangu mwanzo hadi mwisho. Anayeupiga hakuandikwa kwenye lebo, na bila yeye wimbo huo usingesimama.