Josiah Willard Gibbs na Mwelekeo wa Mabadiliko

Josiah Willard Gibbs alizaliwa mwaka 1839 huko New Haven, Marekani, ambako baba yake alikuwa profesa katika chuo cha Yale. Isipokuwa miaka mitatu ya masomo Ufaransa na Ujerumani, aliishi katika mji huo hadi alipofariki mwaka 1903. Hakuoa. Mwaka 1871 Yale ilimpa uprofesa bila mshahara, naye akafundisha hivyo kwa karibu miaka tisa, akitegemea urithi wa wazazi.

Zama hizo wanakemia wengi, wakimfuata Berthelot wa Ufaransa, walishikilia kwamba badiliko hutokea lenyewe pale tu linapotoa joto. Udhaifu wa rai hiyo hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuuona: barafu iliyowekwa kiganjani huyeyuka yenyewe, nayo hunyonya joto la mkono. Kati ya mwaka 1876 na 1878 Gibbs alichapisha makala ya kurasa zaidi ya 300 iliyofumbua fumbo hilo. Alionyesha kwamba yapasa kupima mambo mawili pamoja: joto linaloingia au kutoka, na entropi, yaani kipimo cha kutawanyika kwa nishati, tena uzito wa hilo la pili huongezeka kadiri halijoto inavyopanda. Ndiyo sababu maji huganda yenyewe chini ya nyuzi 0 za Sentigredi, na barafu huyeyuka yenyewe juu ya hapo. Badiliko lisilotokea lenyewe, kama kuyatenganisha maji yawe haidrojeni na oksijeni, sharti lisukumwe kutoka nje, kwa mfano kwa umeme. (Kutokea kwenyewe si kutokea upesi: msumari hushika kutu kwa siku nyingi.)

Katika ufundishaji, hata hivyo, Gibbs si kielelezo chema. Aliandika kwa mkato mno, kwa mifano michache, katika jarida lililosomwa na wachache. Mkalimani wake alikuwa Maxwell wa Cambridge. Mwaka 1874, baada ya kusoma makala za awali za Gibbs, mtaalamu huyo mashuhuri alifinyanga udongo kwa mikono yake mwenyewe, akapata umbo linaloonyesha uhusiano wa ujazo, entropi na nishati ya kitu mfano wa maji. Kisha alitoa nakala za plasta, na moja akampelekea Gibbs. Maxwell alifariki mwaka 1879, na wanakemia wa Ulaya wakangoja hadi mwaka 1892, Ostwald alipoitafsiri ile makala kubwa kwa Kijerumani. Nakala ya plasta ingali imehifadhiwa Yale.