Siti binti Saad: muuza vyungu aliyeimba mashairi kwa udi

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1880 huko Fumba, Zanzibar. Wazazi walikuwa watumwa, na yeye mwenyewe aliitwa Mtumwa. Vyungu vya udongo alivitembeza mpaka mjini, sawa na mama wa Masako anayeingia Kisangani na mihogo kichwani. Akiita wateja, sauti ilisikika mbali.

Mwaka wa 1911 akahamia mjini. Shule hakusoma, lakini Ali Muhsin akamufundisha kuimba, na wapiga udi, ile ndugu ya gitari kutoka kwa Waarabu, wakamuzunguka.

Taarab ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaweka mashairi ya Kiswahili juu ya nyuzi hizo, yenye vina vya wazee, lakini habari zilikuwa za mtaa. Wimbo wa Kijiti ni mfano: mwanaume aliua mwanamke mgeni, akatoroka, na wanawake walioitwa kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Kuimba hayo mbele ya wakubwa, kwa binti wa watumwa, haikuwa mchezo!

Mwaka wa 1928 kundi lake lilivuka bahari mpaka Bombay kurekodi sahani. Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert. Alikufa Julai 1950, akiitwa Siti, yaani bibi wa heshima.