Federico Caprilli

Federico Caprilli (Livorno, 8 Aprili 1868 – Torino, 6 Desemba 1907) alikuwa afisa wa askari wapanda farasi wa Italia na mwalimu wa upandaji. Anakumbukwa hasa kwa kubadilisha jinsi mpandaji anavyokaa juu ya farasi anayeruka kiunzi. Mkao aliouanzisha, wa kuinama mbele na kumwachia farasi uhuru wa kichwa na shingo, ndio unaotumika leo karibu katika mashindano yote ya kuruka viunzi duniani.

Kazi yake ilitokana na tatizo la kawaida la majeshi ya zama zile. Kila mwaka rejimenti ilipokea vijana wasiojua kupanda, na kila mwaka ilipokea farasi wachanga ambao hawakuwa wamezoea kubeba mtu. Wote hao walipaswa kuwa tayari kwa vita katika muda mfupi. Caprilli alitafuta njia ambayo kijana asiye na ujuzi mkubwa angeweza kuitumia kwa farasi asiye na uzoefu bila ya mmoja kumharibu mwenzake.

Maisha ya awali

Caprilli alizaliwa Livorno, mji wa bandari katika mkoa wa Toscana. Akiwa bado mvulana alipelekwa katika chuo cha kijeshi cha Firenze, kisha Roma, na baadaye akaingia shule ya kijeshi ya Modena. Mwaka 1888 alihitimu akiwa luteni usu na kupangiwa rejimenti ya Piemonte Reale.

Kama maofisa wengine wa aina yake, alipelekwa kusoma katika shule ya askari wapanda farasi ya Pinerolo, mji mdogo karibu na Torino. Shule hiyo ilikuwa na tawi huko Tor di Quinto, nje kidogo ya Roma, lililoanzishwa mwaka 1891 kwa ajili ya upandaji wa mashambani. Pinerolo mwanafunzi alijifunza zaidi ndani ya uwanja uliofungwa, ambako farasi alifundishwa hatua za madaha na kukunja shingo. Tor di Quinto alitakiwa kukimbia shoti juu ya ardhi yenye mashimo, kuruka kuta na mitaro, na kuteremka kingo zenye mwinamo mkali. Caprilli aliona kwamba mambo hayo mawili hayapatani: yale aliyofundishwa uwanjani hayakumsaidia nje, na mara nyingi yalimkwamisha.

Upandaji wa kuruka kabla yake

Ili kuelewa mabadiliko aliyoleta, ni lazima kujua jinsi watu walivyoruka kabla yake. Mpandaji alitumia vikuku virefu, miguu ikiwa karibu imenyooka, na kuketi kwa uzito wote juu ya tandiko. Farasi alipofika kwenye kiunzi, mpandaji aliegemea nyuma, akasukuma miguu mbele na kuvuta hatamu. Iliaminika kwamba kwa kufanya hivyo anamwinua farasi na kuipunguzia miguu ya mbele mzigo wakati wa kutua. Picha nyingi za kuchora za wawindaji wa Uingereza za karne ya 19 zinaonyesha mkao huo.

Kwa farasi mwenyewe matokeo yalikuwa mabaya. Anaporuka, farasi hurefusha shingo na kuupinda mgongo kama upinde. Hatamu zikivutwa wakati huohuo, lijamu hugonga taya na ulimi. Uzito wa mtu aliyeegemea nyuma huangukia kiunoni, mahali palepale panapofanya kazi ya kuivusha miguu ya nyuma, na hivyo miguu hiyo hugonga kiunzi. Farasi mzee aliyezoea mateso aliweza kuvumilia. Farasi mchanga alijifunza haraka kwamba kila kiunzi kina maumivu mdomoni na mgongoni, na siku iliyofuata alikataa kuruka, akageuka pembeni, au akakimbilia kiunzi kwa hofu bila kupima umbali. Baada ya hapo aliitwa mkaidi na kuchapwa.

Uchunguzi wake

Caprilli alianza kwa kutazama. Aliwaangalia farasi wakiruka wenyewe, bila mtu wala tandiko, na kutumia picha za kamera, ambazo wakati huo zilikuwa zimeanza kuweza kukamata wanyama wakiwa katika mwendo. Alichokiona kilipingana na imani ya walimu wake. Farasi aliye huru hutua kwa miguu ya mbele kila mara, na shingo yake ndiyo inayomsaidia kujiweka sawa. Kuegemea nyuma hakubadilishi jambo hilo. Kunamwongezea tu farasi kazi.

Kwa muda fulani alihamishiwa kusini mwa Italia, mbali na shule kubwa na maofisa waliokuwa na ushawishi. Kwa afisa mwenye tamaa ya cheo, uhamisho wa namna hiyo ulikuwa kama kutupwa jangwani. Hata hivyo ulimpa nafasi ya kujaribu mawazo yake kwa farasi wa kawaida wa jeshi na kwa askari wa kawaida, wala si kwa farasi wa bei kubwa wa matajiri. Ikiwa mfumo wake ungefaulu kwa hao, ungefaulu kwa yeyote.

Mfumo wa asili

Njia yake aliiita mfumo wa asili wa upandaji. Mwaka 1901 alieleza misingi yake katika jarida la askari wapanda farasi la Italia. Hakuandika kitabu kikubwa. Mengi ya mafundisho yake yalihifadhiwa katika makala hayo, katika maandishi machache aliyoyaacha, na katika kumbukumbu za wanafunzi wake.

Msingi wake ni kwamba mpandaji asimzuie farasi kutumia mwili wake. Vikuku hufupishwa. Magoti na mapaja hushika tandiko, kisigino hushuka chini, na makalio huinuka kidogo ili uzito usiuangukie mgongo wa farasi. Anaporuka, mpandaji huinama mbele pamoja naye, na mikono hufuata mdomo wa farasi kuelekea mbele kadiri shingo inavyorefuka. Mpandaji haamui hatua ya mwisho ya kurukia. Kazi yake ni kumleta farasi mbele ya kiunzi akiwa mtulivu na katika mwendo mzuri. Kupima umbali ni kazi ya farasi.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichopingwa zaidi. Maofisa wa kizazi cha zamani waliona ni aibu mtu kumwachia mnyama uamuzi. Caprilli alijibu kwa vitendo, akiwaonyesha farasi waliokuwa wakiruka bila hofu baada ya mafunzo mafupi.

Kwa farasi wachanga mpango wake ulikuwa wa polepole mwanzoni. Farasi alianza kwa kutembea na kukimbia taratibu kwenye ardhi isiyo tambarare, akibeba mtu huku hatamu zimelegezwa, ili atafute mwenyewe namna ya kujisawazisha chini ya mzigo mpya. Kisha alivushwa miti iliyolazwa chini, halafu viunzi vifupi. Viunzi hivyo vilikuwa imara, maana kiunzi kinachoanguka kwa kuguswa tu kinamfundisha farasi uzembe, lakini vilikuwa vya chini ili asiumie wala kuogopa. Urefu uliongezwa pale tu farasi alipoonekana kuzoea. Adhabu kwa kosa lililotokana na hofu ilikatazwa. Caprilli aliamini kwamba mara nyingi farasi anapokataa, kosa la kutafutwa kwanza ni la aliyeko juu yake.

Kwa wanafunzi wa kibinadamu jambo gumu lilikuwa kujizuia. Kijana anayeogopa hushika hatamu kwa nguvu, na hatamu ndizo zinazomfanya farasi mchanga aogope zaidi. Kwa hiyo Caprilli aliwafundisha kwanza kukaa imara bila kutegemea mikono. Miteremko mikali ya Tor di Quinto na Pinerolo ilitumika kwa kusudi hilo: mpandaji aliyeteremka ukingo ulio karibu wima huku akiinama mbele na kuachia hatamu alikuwa amepata ushahidi, kwa mwili wake mwenyewe, kwamba farasi anaweza kuaminiwa. Picha za maofisa wa Italia wakiteremka kingo hizo zilisambaa katika nchi nyingi na kuwashangaza watu.

Mashindano ya Torino, 1902

Mwaka 1902 mashindano ya kimataifa ya farasi yalifanyika Torino, yakiwakutanisha maofisa kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Hapo ndipo mfumo mpya ulipoonekana na wageni kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa. Caprilli, akiwa amempanda farasi aliyeitwa Melopo, aliruka kimo cha mita 2.08, ambacho kwa wakati huo kilikuwa cha ajabu. Ni vema kukilinganisha na mashindano ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900, ambako Mwitalia mwingine, Gian Giorgio Trissino, alipata ushindi wa kuruka juu kwa mita 1.85, akilingana na Mfaransa Dominique Gardères. Rekodi ya dunia ya sasa ni mita 2.47, iliyowekwa nchini Chile mwaka 1949 na Alberto Larraguibel juu ya farasi Huaso.

Caprilli mwenyewe hakuyahesabu marefu ya namna hiyo kuwa lengo la mafunzo. Kwake kuruka juu kupita kiasi kulikuwa onyesho, na farasi wa jeshi alihitaji zaidi kuvuka vizuizi vingi vya wastani siku nzima na kurudi salama. Lakini watazamaji huvutiwa na kimo, na kimo hicho kilimfungulia mlango. Jeshi la Italia lilikubali mfumo wake, naye akarudishwa katika shule ya Pinerolo na tawi lake la Tor di Quinto kama mwalimu, akiwa na cheo cha kapteni. Majeshi ya nje yalianza kutuma maofisa vijana kwenda kujifunza huko.

Kifo

Caprilli alifariki Torino tarehe 6 Desemba 1907 akiwa na umri wa miaka 39. Mtu huyu aliyekuwa ameruka kuta na kuteremka miamba alianguka kutoka kwa farasi aliyekuwa akitembea tu, akagonga kichwa. Maelezo ya sababu hutofautiana: wengine husema farasi aliteleza kwenye barafu, wengine kwamba Caprilli alipatwa na kizunguzungu. Alikuwa amefundisha kama mwalimu mwenye mamlaka kamili kwa miaka michache tu.

Baada ya kifo chake

Mfumo haukufa naye kwa sababu wanafunzi walikuwa wengi na walitoka nchi nyingi. Mrusi Paul Rodzianko, aliyesoma Pinerolo, alikuwa katika timu ya maofisa wa Urusi iliyotwaa kombe la Mfalme Edward VII jijini London mara tatu mfululizo, 1912 hadi 1914. Baada ya mapinduzi ya Urusi alikimbilia nje, na mwaka 1928 akaajiriwa kufundisha shule ya farasi ya jeshi la Ireland mjini Dublin. Huko mashindano makubwa yalikuwa ya kugombea kombe lililotolewa mwaka 1926 na Aga Khan III, kiongozi wa Waismailia ambaye jina lake linafahamika sana Afrika Mashariki. Waireland walilitwaa mara tatu mfululizo, 1935 hadi 1937.

Mmarekani Harry Chamberlin alisoma Tor di Quinto katika miaka ya 1920 na kupata medali ya dhahabu na ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles ya 1932. Nchini Italia kwenyewe, Tommaso Lequio di Assaba alishinda dhahabu ya kuruka viunzi mwaka 1920 huko Antwerp, na katika Olimpiki ya Roma ya 1960 ndugu wawili, Raimondo na Piero d'Inzeo, walichukua dhahabu na fedha.

Mfumo ulivuka pia kutoka jeshini kwenda kwa raia. Piero Santini, afisa wa Italia, aliueleza kwa Kiingereza kuanzia miaka ya 1930 na baadaye akatafsiri maandishi ya Caprilli. Vladimir Littauer, afisa wa zamani wa Urusi aliyehamia Marekani, aliufundisha kwa watu wasio wanajeshi, wakiwemo wasichana wa vyuo. Kwa wanawake mabadiliko yalikuwa makubwa, kwa kuwa mkao wa Caprilli hutegemea usawa wa mwili na utulivu wa mikono kuliko nguvu za mabavu.

Nchini Uingereza na Ireland jina lake limebaki katika aina ya jaribio linalopendwa na vilabu vya vijana wapanda farasi. Katika jaribio la Caprilli, mshindani hufanya miondoko ya kawaida ya uwanjani na kuruka viunzi vichache vya chini katikati yake, bila kusimama. Waamuzi hawatazami kimo wala mwendo kasi. Hutazama kama mpandaji anamfuata farasi anaporuka, kama mikono yake ni laini, na kama farasi anabaki mtulivu kabla na baada ya kila kiunzi. Kwa sababu hiyo jaribio hilo hutumiwa sana kwa farasi wanaoingia uwanja wa mashindano kwa mara ya kwanza, na kwa watoto wanaowapanda.