HAYATI MAKHAN SINGH: MKENYA KWA HIARI YAKE

Vijana wengi walioko shuleni hawalijui jina la Makhan Singh, ilhali haki nyingi za wafanyakazi wa Kenya zina jasho lake. Yafaa tumkumbuke.

Marehemu alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, katika jamaa ya Makalasinga. Baba yake alitangulia Kenya kutafuta kazi, naye akamfuata mwaka 1927. Alisoma Nairobi katika shule ya serikali ya Wahindi, ambayo leo ni Jamhuri High School, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa.

Mwaka 1935 aliongoza kuundwa kwa chama cha wafanyakazi kilichowakaribisha watu wa kila rangi. Hilo lilikuwa jambo geni, kwani wakati ule Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na mtaa wake na mshahara wake.

Alikwenda India mwishoni mwa 1939, na huko Waingereza wakamtia kizuizini. Aliporejea Kenya Agosti 1947, India ilikuwa imegawanyika na kijiji chake kimeangukia Pakistan. Serikali ya Kenya nayo haikumtaka. Ilijaribu kumfukuza nchini ikashindwa mahakamani. Mwaka 1949, pamoja na Fred Kubai, aliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alitoa hoja hadharani kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa. Alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Angekubali kuhama Kenya angeachiliwa mapema. Alikataa.

Uhuru ulipopatikana hakupewa cheo. Mwaka 1968, maelfu ya Waasia walipofunga mizigo kwenda Uingereza, wakihama mara ya pili, yeye alibaki Nairobi akiandika historia ya vyama vya wafanyakazi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Alifariki Mei 1973.

Wako waliomwita mgeni mpaka mwisho. Lakini mgeni hafungwi miaka 11 kwa ajili ya nyumba ya mwenzake, hali mlango wa kutokea ameachiwa wazi. Enyi wanafunzi, mkiulizana nani mwenyeji, mkumbukeni mzee huyu.