Bibi Nkomanile wa Kitanda

Katika mji wa Songea, mahali paitwapo Mahenge, pana kaburi kubwa ambamo wamelala watu wengi pamoja. Watu hao walinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, Wangoni walipokuwa wameshindwa katika vita vya Maji Maji. Walionyongwa siku ile walizidi 60, nao walikuwa wakuu wa nchi, manduna na wapiganaji. Wote walikuwa wanaume, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni Bibi Nkomanile wa Kitanda, ambaye watu wa Songea humheshimu hata leo kama bibi wa nchi yao nzima. Someni sasa habari zake, mpate kujua kwa nini mwanamke huyu alihesabiwa pamoja na wakuu wa vita.

Kwanza yafaa tujue watu wake walivyokuwa. Wangoni asili yao ni kusini kabisa mwa Afrika. Walihama huko kwa sababu ya vita, wakaenda kaskazini miaka mingi, wakila, wakipigana na kuzaa watoto njiani. Mwaka 1835 walivuka mto Zambezi, wakiongozwa na mfalme wao Zwangendaba, na siku hiyo jua lilipatwa. Zwangendaba alifia nchi ya Ufipa. Baada ya kifo chake watu wakagawanyika, na baadhi yao wakafuata njia ya kusini na mashariki hata wakafika nchi ya Songea. Humo zikatokea enzi mbili: ya Njelu, chini ya ukoo wa Gama, na ya Mshope, chini ya ukoo wa Tawete. Mfalme aliitwa Nkosi, na wakuu waliomsaidia kuamua mashauri na kuongoza majeshi waliitwa manduna.

Wenyeji waliokutwa katika nchi hiyo, kama Wandendeule, wengi wao waliingizwa katika utawala wa Wangoni. Wengine walitekwa vitani, wakafanywa watu wa nyumba za wakuu. Hatuna budi kusema kweli: jirani wengi waliwaogopa Wangoni kwa sababu ya uvamizi wao. Lakini mkuki na ngao haviwezi kumshibisha mtu. Nchi iliishi kwa jembe, yaani kwa ulezi, mahindi na maharagwe, na kazi kubwa ya shamba ilikuwa mikononi mwa wanawake. Tena wanawake wa nyumba za wakuu walikuwa na heshima na sauti katika mambo ya mji. Kwa hiyo haikuwa ajabu kubwa mwanamke kushika madaraka. Nkomanile alikuwa mmoja wa wanawake wa namna hiyo, na mahali pake palikuwa Kitanda, upande wa mashariki wa nchi ya Wangoni. Leo Kitanda imo katika wilaya ya Namtumbo.

Mwaka 1897 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walifika na kujenga boma Songea. Mwaka uliofuata mapadre wa Benedikto walianza misheni ya Peramiho. Tangu hapo mambo ya nchi yakageuka. Wakuu walinyang'anywa uwezo wao wa kuamua mashauri makubwa, na uvamizi na utekaji wa watu ukakatazwa. Watu wakatozwa kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alitakiwa kuilipa kwa kazi. Mtu aliyezoea kulima shamba lake kwa wakati wake akajikuta anaitwa kufanya kazi ya boma wakati mvua zinanyesha. Wengine walichukia kupungukiwa na ukuu wao, na wengine walichukia taabu iliyowaangukia. Wote wakawa na kinyongo kimoja.

Wakati huo huo, mbali upande wa mashariki, watu wa Umatumbi na Rufiji walikuwa wakilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya serikali. Huko Ngarambe alitokea mganga jina lake Kinjikitile Ngwale. Alifundisha ya kuwa anayo dawa ya maji, na ya kuwa mtu akiitumia, risasi za Wadachi hazitamdhuru. Tena alifundisha kwamba watu weusi wote ni wamoja, na makabila yaache kugombana. Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yake yalikwisha kutoka mikononi mwake. Wajumbe wake waliyachukua kutoka kabila hata kabila, kama moto ushikao nyika wakati wa kiangazi.

Mmoja wa wajumbe hao aliitwa Omari Kinjala. Alitoka upande wa Ungindo, naye katika safari yake akafika Kitanda kwa Nkomanile. Hapo ndipo jina la bibi huyu linapoingia katika historia. Nkomanile hakumfukuza mgeni yule, wala hakumpeleka bomani kwa Wadachi ili apate kusifiwa. Alimpokea, akamsikiliza, akaikubali dawa yake. Kitanda ikawa mlango ambao maji yaliingilia katika nchi ya Wangoni. Kutoka hapo habari ikawafikia wakuu wengine, naye Nkosi Chabruma wa Mshope, na Nkosi Mputa wa Njelu, pamoja na nduna Songea Mbano, wakaingia vitani.

Huenda mtu akauliza: je, bibi huyu hakuwa na akili, hata akaamini kwamba maji yaweza kuzuia risasi? Swali hilo ni rahisi kwetu sisi tujuao mwisho wa habari. Watu wa siku zile walitazama nchi yao ikitawaliwa na wageni wenye silaha kali, nao hawakuwa na silaha za kulingana nao. Kabila moja peke yake lisingeweza kitu. Maji yaliwapa mambo mawili waliyoyahitaji sana, yaani ushujaa na umoja. La kwanza lilijengwa juu ya jambo lisilo kweli, na kwa hiyo likawaponyoka mara moja. La pili lilikuwa la kweli, ingawa lilikuja kwa kuchelewa.

Mwezi wa Septemba 1905 vita viliwaka Ungoni. Kanisa la Peramiho likachomwa moto. Lakini punde watu wakaona wenzao waliokunywa maji wakianguka mbele ya bunduki na bombomu. Mwezi wa Oktoba jeshi la Wadachi liliwashambulia Wangoni kambini mwao bila wao kutazamia, nao wakatawanyika wakilia ya kuwa maji ni uongo. Lakini vita ni kama maji yenyewe: yakimwagika hayazoleki.

Ndipo Wadachi walipotumia silaha nyingine iliyo kali kuliko bombomu, nayo ni njaa. Maofisa wao waliona kwamba watu wajifichao porini hawashindiki kwa risasi tu. Basi vijiji vikachomwa, maghala yakamwagwa au kuchukuliwa, na mazao yakaharibiwa shambani. Mkulima akamaliza mbegu yake kwa kuila, kisha hakuwa na cha kupanda mvua ziliponyesha. Wazee wa Ungoni waliiita njaa hiyo fugufugu. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi; na katika vita hivi walioumia sana walikuwa mama na watoto wao, ambao hawakushika mkuki. Katika nchi zote zilizopigana, Wajerumani walihesabu watu 75,000 waliokufa. Wataalamu wa historia waliokuja baadaye wamesema waliokufa walifika 250,000 au hata 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa.

Wakuu wa Ungoni wakakamatwa mmoja mmoja. Chabruma alikimbilia nchi ya Wareno ng'ambo ya mto Ruvuma, akafia huko. Nkosi Mputa alikamatwa, na Nkomanile pia. Wadachi hawakumhesabu kuwa mwanamke asiye na neno, aliyeponzwa na waume. Walimhesabu kuwa mkuu, wakamhukumu hukumu ya wakuu. Mapadre wa Peramiho walikwenda kwa wafungwa, na wengi kati yao wakabatizwa kabla ya kufa. Tarehe 27 Februari 1906 Nkomanile alinyongwa Songea, pamoja na Nkosi Mputa na wenzao. Nduna Songea Mbano hakunyongwa siku ile. Husimuliwa kwamba Wadachi walitaka kumwacha hai, lakini yeye alikataa kuishi baada ya wenzake, basi naye akanyongwa baada ya siku chache. Jina lake ndilo jina la mji hata leo.

Vizazi vimepita, lakini watu wa Songea hawakuwasahau. Mahali pa kaburi lile pamejengwa makumbusho ya vita vya Maji Maji, na kila mwaka tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwakumbuka waliokufa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo, akaonana na wajukuu wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani wa zamani. Yaliyoitwa uasi siku za Nkomanile yakakiriwa kuwa ni watu kutetea nchi yao.

Basi tujifunze nini katika maisha ya Bibi Nkomanile? Tusijifunze kuamini kila dawa iletwayo na mgeni, kwa maana dawa ile iliwaponza wengi. Tujifunze kwamba mkuu wa kweli hakimbii matokeo ya shauri lake. Nkomanile aliufungua mlango wa Kitanda, na mambo yalipoharibika alipatikana upande ule ule wa mlango pamoja na watu wake. Watu aliowaongoza walipoteza mashamba, ghala na watoto. Yeye naye alipoteza uhai. Kwa sababu hiyo wakulima wa nchi ile, ambao wangaliweza kumlaumu, wamemhesabu kuwa bibi yao, na jina lake hulitaja pamoja na majina ya wafalme.