Ishi: Mpiga Upinde Mwepesi na Msemaji wa Mwisho wa Kiyahi

Katika masimulizi mengi ya uwindaji wa mishale, sifa hupewa upinde mgumu na mkono wa kuuvuta. Maisha ya Ishi, mwindaji wa Kiyahi aliyefariki San Francisco, Marekani, mwaka 1916, hayaafikiani na sifa hiyo. Upinde wake ulivutwa kwa nguvu ya ratili 40 hadi 45 hivi, kiasi ambacho kijana wa makamo hukimudu. Hata hivyo, upinde wa namna hiyo ulikuwa nguzo ya maisha yake na ya jamaa zake wachache kwa takriban miaka 40 ya kujificha.

Wayahi walikuwa tawi la kusini la Wayana, na nchi yao ilikuwa makorongo ya Mill Creek na Deer Creek, chini ya mlima Lassen kaskazini mwa California. Ishi alizaliwa huko karibu mwaka 1860. Dhahabu ilikuwa imekwisha gunduliwa California mwaka 1848, na walowezi waliofuata walizitwaa ardhi na kuwaua wenyeji kwa makundi. Wayahi hawakufika hata 500 kabla ya hapo. Baada ya mashambulizi ya miaka ya 1860 na mauaji ya pangoni ya karibu mwaka 1871, waliosalia walihesabika. Hao ndio waliojificha. Walikanyaga mawe ili wasiache nyayo, wakawasha mioto midogo isiyotoa moshi mwingi, na wakala samaki, unga wa mbegu za mialoni na nyama waliyoipata. Katika hali hiyo bunduki ingekuwa msaliti, kwa kuwa mlio mmoja tu ungesikika korongo zima. Mshale haukusikika.

Mwezi Novemba 1908 wapima ardhi waliigundua kambi yao. Waliokuwamo walikuwa wanne: Ishi, mama yake aliyekuwa mgonjwa, mzee mmoja na mwanamke mmoja, ambaye huenda alikuwa dada yake. Wageni wale waliondoka na takriban kila kitu cha thamani, pinde na mishale ikiwamo. Kumnyang'anya mwindaji mata yake karibu na majira ya baridi ni sawa na kumnyang'anya chakula, na ni vigumu kuliona tendo hilo kuwa mzaha wa watafuta kumbukumbu. Mama alifariki muda mfupi baadaye. Mzee na yule mwanamke hawakuonekana tena. Ishi aliishi peke yake hadi tarehe 29 Agosti 1911, alipokutwa kwenye uzio wa machinjio karibu na mji wa Oroville, amekonda na nywele zikiwa zimeunguzwa fupi kwa ajili ya matanga.

Aliwekwa jela kwa kuwa hakuna aliyejua lugha yake. Thomas Waterman, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha California, alimwendea na orodha ya maneno ya lahaja nyingine za Kiyana. Maneno mengi hayakuzaa kitu. Alipolifikia neno siwini, lenye maana ya msonobari wa manjano, huku akigonga ubao wa kitanda, uso wa Ishi ulichangamka. Neno moja la mti lilifungua mlango ambao miaka mingi ya woga ilikuwa imeufunga. Siku chache baadaye alihamia katika jumba la makumbusho la chuo hicho, San Francisco, akaishi humo na kufanya kazi ya usafi kwa mshahara. Jina lake halisi hakulitaja kamwe, kwa kuwa mila ya watu wake haikumruhusu mtu kujitaja. Alfred Kroeber alimwita Ishi, neno ambalo kwa Kiyana lina maana ya mwanamume.

Kiyana kina sifa ambayo wanaisimu wameijadili sana: maneno mengi yana maumbo mawili, moja la wanaume wanapozungumza na wanaume wenzao, na jingine kwa mazungumzo yoyote ambayo mwanamke anahusika. Yafaa kutafakari maana ya jambo hili kwa mtu kama Ishi. Baada ya yule mzee kutoweka, maumbo ya kiume hayakuwa na wa kuyapokea.

Mwaka 1912 Saxton Pope, daktari wa upasuaji katika shule ya tiba iliyopakana na makumbusho, alianza kujifunza kwake. Kumbukumbu za Pope ndizo zinazotuwezesha kuujua upinde ule. Ulitengenezwa kwa mti wa jamii ya mtarakwa, ukachongwa bapa na mfupi, chini ya futi nne. Mgongoni ulibandikwa kano za miguu ya kulungu zilizotafunwa hadi zikalainika, kwa gundi ya ngozi ya samoni. Kano ndizo zilizouwezesha upinde mfupi kukunjwa sana bila kuvunjika. Mishale ilikuwa ya vijiti vyepesi, yenye kipande cha mti mzito zaidi mbele, manyoya matatu nyuma, na kigumba cha jiwe la volkano lililo kama kioo. Kigumba hicho hukata kwa ukali. Kwa hiyo mshale haukuhitaji kasi kubwa ili kupenya, mradi umpate mnyama karibu na mahali panapostahili.

Ishi alivuta upote kwa kidole gumba, akaushika upinde kwa mshazari, mara nyingi akiwa amechutama. Upinde usiotumika aliulaza chini, kwa kuwa aliamini kwamba ukisimamishwa huendelea kufanya kazi na kuchoka. Mtoto hakuruhusiwa kuuchezea wala mtu yeyote kuuruka.

Katika kushindania shabaha kubwa za mbali, Pope na rafiki zake walimshinda Ishi. Wasomaji wa haraka wanaweza kulichukua hilo kuwa dosari. Lakini shabaha ya majani haikimbii wala hainusi. Ishi alikuwa hodari wa kulenga vitu vidogo kama kware na kindi, na kazi yake halisi ilianza kabla ya mshale kuwekwa upindeni. Kabla ya kuwinda hakula samaki wala hakuvuta tumbaku. Alioga na kujisugua majani yenye harufu ili kuficha ya mwili. Alijua upepo unatoka wapi. Aliweza kuubusu mkono wake na kutoa sauti ya sungura aliye taabani, na sungura wenzake, hata paka-mwitu, wakasogea. Kwa kulungu alivaa kichwa cha kulungu kilichojazwa, akakiinua na kukishusha kichakani hadi mnyama alipokuja kuangalia. Akiweza kumfikia kwa yadi 20 au pungufu, ratili 40 zilitosha.

Mwaka 1925 Pope alikwenda Tanganyika pamoja na Arthur Young kuwinda simba kwa mishale, akitumia pinde nzito zaidi na akiwa na wenzake wenye bunduki. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kufa. Majira ya joto ya 1915 Ishi alifanya kazi ya matini za Kiyahi na Edward Sapir huko Berkeley, wakati kifua kikuu kikiwa tayari kimemwingia. Alifariki tarehe 25 Machi 1916. Kroeber, aliyekuwa New York, aliandika kupinga mwili kupasuliwa, lakini barua ilichelewa. Ubongo ulitolewa, na mwaka 1917 Kroeber huyo huyo akaupeleka Taasisi ya Smithsonian. Mwili ulichomwa kwa kuaminiwa kuwa ndiyo desturi ya Wayahi. Ndani ya jeneza uliwekwa upinde wake mmoja, mishale mitano na kikapu cha unga wa mbegu za mialoni.

Ubongo haukutambuliwa ulipo hadi mwaka 1999. Mwaka 2000 ulikabidhiwa kwa wazawa wa Wayana wa Redding na Pit River, pamoja na majivu yake, ukazikwa katika nchi ya mlima Lassen mahali ambapo hapakutangazwa.